Fungu la Hewa

Miaka kumi na tisa nimekaa dawati la malipo
na neno hewa nalijua kwa maana moja:
mtumishi hewa, aliyezikwa akaendelea kula mshahara;
semina hewa, yenye posho na sambusa
na viti ambavyo hakuna makalio yaliyovipasha joto;
lita mia mbili za dizeli hewa.

Basi Dokta Atupele aliponiletea ombi lake,
mstari wa kwanza: *Kupima hewa, Keko na Buguruni*,
nilicheka hadi miwani ikaniteleza puani.
Nikapiga wino mwekundu.
"Dokta," nikasema, "wenzako angalau huficha."

Hakucheka.
Alitoa kwenye bahasha duara la karatasi
jeupe kama tui,
pana kama mdomo wa kikombe cha kahawa.
"Hili nimelipima uzito likiwa jipya.
Kesho linalala Buguruni. Keshokutwa nalipima tena.
Kitakachozidi ndicho hicho unachosema hakipo."

Nilikwenda mwenyewe.
Ukaguzi ni ukaguzi: kifaa kionekane kwa macho,
namba yake ilingane na hati.
Nilikikuta kimefungwa kwenye nguzo ya banda
la Bi Chausiku Pazi, mkaanga mihogo,
pale malori ya bandarini yanapounguruma bila kwenda popote,
na nyuma ya ukuta vijana wanachoma nyaya
wapate shaba.
Kilikuwa kinavuta taratibu,
kama mtoto aliyelala na mafua.

"Siku nzima kinakunywa moshi," akasema Bi Chausiku,
akigeuza muhogo, jicho moja kalifumba.
"Afadhali chenyewe kina bajeti."

Mjukuu wake, Shomari, miaka minane,
alipewa bomba la plastiki alipulize.
"Vuta mpaka tumboni," Dokta akamwambia,
"sasa zima mshumaa ulio ng'ambo ya barabara."
Akapuliza. Akapuliza tena.
Mara ya tatu mabega yalipanda, pumzi ikabaki njiani.
Dokta akaandika tarakimu, akaizungushia duara.

Duara lile nalijua.
Ndilo ninaloweka mimi
droo ya fedha inapopungua
na hakuna wa kuulizwa.

Waliotuachia lugha
walitia kapu moja pumzi, pumziko na pumu.
Mtoto yule alitumbukiza mkono
akatoka na la tatu.

Karatasi ilirudi ina rangi ya soli ya kiatu.
Mizani ikasema: mikrogramu mia nane na kumi na mbili.
Nilitafuta kwenye leja yangu
safu ya kuandikia kitu chepesi kiasi hicho.
Haipo. Sisi huanzia shilingi.

Usiku ule, nyumbani Tabata,
jirani anachoma taka, majani mabichi na mifuko,
nikalala chali nikijumlisha, maradhi ya kazi:
pumzi kumi na tano kwa dakika,
elfu ishirini na moja na mia sita kwa siku,
mke wangu akivuta zake pembeni,
na kwa hizo zote
hakuna hata moja niliyodai risiti.

Asubuhi nikalitoa lile ombi.
Wino mwekundu haufutiki.
Nikaandika juu yake, kwa herufi kubwa:
IMEKAGULIWA. IPO.

Nisiseme uongo, fedha zilitoka nusu,
tena mwaka wa fedha ukiwa umeshageuka.
Dokta alinunua karatasi. Kifaa cha pili bado.
Shomari anakwenda shule siku anazokwenda.

Bi Chausiku amehamisha karai
upande wa pili wa barabara, mita kumi na nne;
nilipima mwenyewe kwa hatua.
Anasema huko upepo una adabu kidogo.

Sijui kama mita kumi na nne ni kitu.
Nimemwandikia Dokta apime.