Mabati ya Jiko

Hela zilikuwa za mabati ya jiko.
Mabati nane, misumari kilo mbili, fundi na chai yake.
Nikaenda nazo Njoro kwa Urio wa vyuma chakavu,
nikarudi Pasua na boti juu ya mkokoteni,
watoto wakisukuma nyuma kama wanaleta bibi harusi.

Alumini. Futi kumi na mbili. Ubavu umebonyea
kama sufuria iliyoangushwa na mkwe.
Ilitoka Nyumba ya Mungu, alisema Urio, kule bwawani,
na Jumatatu ingeingia tanuruni:
"Hapa pana sufuria sitini, mwalimu, na mifuniko yake."

Nakijwa alitoka na upawa mkononi,
akaizunguka mara moja.
"Bati umeleta," akasema, "ila wamelikunja vibaya."
Kisha kimya, mpaka Ijumaa,
nilipochuma jani la sale uani
nikaliweka juu ya kinu chake.
Kwao Usangi si desturi yao, lakini maana anaijua.
Akalitumia kufukuzia nzi.

Miaka thelathini na moja nimefundisha watoto wa watu
kunyoosha kilichopinda,
na sijui kuogelea.
Mlima, ukipenda wenyewe, unaonekana toka mlangoni kwetu.
Bwawa halionekani siku yoyote.

Nilianza na brashi ya waya. Kijani kikatoka,
chini ya kijani buluu, chini ya buluu namba,
na pembeni, karibu na benchi la nyuma,
mistari ya msumari: minne na mmoja wa kukata,
minne na mmoja wa kukata,
safu nzima, halafu mitatu tu.
Samaki? Siku? Deni la mtu?
Hapo sikupitisha msasa.

Ukitafuta tundu, boti huitii majini;
maji ndiyo unayatia botini.
Ndoo kumi na tisa, siku ya mgao,
jirani wakichungulia juu ya ua:
"Mwalimu anakinywesha chombo!"
Nikatambaa chini na chaki niliyostaafu nayo.
Kila ribiti iliyotoa chozi nikaizungushia duara.
Ishirini na sita.
Daftari la mtoto mtoro.

Sasa, ribiti haigongwi na mtu mmoja.
Mmoja nje na nyundo, mwingine ndani
ameegemeza fuawe kwenye kichwa cha ribiti,
katikati yao ukuta wa alumini, hawaonani.
Kijana wa Ombeni aliahidi saa tatu.
Saa nne. Saa tano na nusu.
Nimesimama na nyundo kama mlinzi wa benki,
mara nasikia toka ndani: ko, ko.
"Unangoja nini?" Sauti yake, kama imetiwa kwenye debe.
"Gonga."

Nikagonga.
Kati ya ribiti ya tisa na ya kumi akaniambia habari za goti lake,
ambazo sikuwa nazijua.
Ya kumi na nne, kwamba kaka yake Senkondo aliwahi kuvua kule
na perege wake walikuwa na miiba mingi.
Ya ishirini alinitukana, kidogo,
nilipompiga fuawe likamruka.
Sita za mwisho tulizigonga bila neno, ko na ko.

Aprili, jiko likavuja
pale pale aliponionyesha tangu Februari.
Boti ilikuwa imefudikizwa juu ya matofali, ikingoja rangi,
mvua ikifuta chaki yangu mgongoni mwake.
Nikamkuta chini yake, mkaa umekolea,
mtori unatokota,
kigoda cha pili kimewekwa.

Niliinama nikaingia. Tukatazama juu,
ribiti moja moja, kama wakaguzi.
Tone halikuja.

"Kenta ya Mbwambo inakuja Jumamosi," nikasema,
"kutupeleka bwawani."

Akaonja. Akaongeza chumvi.
"Mwambie asubiri mvua iishe."