Mgongo wa Kamusi

Padri Epimaki aliileta kwa pikipiki kutoka Kibosho,
imeviringishwa kanga kama mgonjwa wa kupelekwa KCMC,
akaitua juu ya meza yangu, Mtaa wa Rengua.
Mizani ya jirani muuza sukari ilisema kilo nne na ushee.
"Mgongo umevunjika," akasema. "Usiniambie haufai."

Kamusi ya Kiyunani cha kale.
Mimi nashona vitabu vya risiti, Biblia za mashemasi,
madaftari ya vyama vya kahawa yaliyoliwa na mende.
Herufi zile sizijui,
ila ile moja yenye umbo la samaki,
ambayo padri anasema ndiyo ya kwanza.

Kijana wangu wa kazi, Kundaeli, akacheka:
"Si yote yamo kwenye simu siku hizi?"
"Yamo," padri akajibu. "Na walioyatia humo waliyatoa wapi?"
Umeme ukakatika palepale.
Nikafikiri, kumbe Mungu naye ana upande.

Nilifumua uzi, fungu baada ya fungu, mia moja na kumi.
Pembeni, kwa penseli, walimu watatu wamepishana:
mwandiko uliolala wa mmisionari,
mwandiko mnene wa mtu wa Rombo aliyeweka tarehe kila mahali,
na wa Epimaki mwenyewe, akibishana na wote wawili.
Kuna doa la chai lililonizidi umri.

"Hapa," akaweka kidole. "Sikiliza tu."
Kalamos: tete, unyasi.
Nikaigusa kalamu nyuma ya sikio langu.
Khartes,
na karatasi ilikuwa chini ya kiwiko changu.
Kanon: ufito ulionyooka, wa fundi kupimia.
Ufito nilikuwa nimeushika, napima jalada,
mimi niliyedhani kanuni ni mali ya mahakama.
Yalipitia kwa Waarabu, akasema, yakafika pwani,
yakapanda huku kwetu bila haraka,
yakaingia dukani mwangu bila hodi,
nami naishi nayo kama wapangaji ambao sijawahi kuwauliza kwao ni wapi.

Hata jina lake limo.
Epimaki: kinachoshambulika kwa urahisi.
Alicheka mpaka akavua miwani.

"Na hili," akasema,
neno jembamba kati ya majirani wanene,
"lilionekana mara moja tu.
Mtu mmoja, kipande kimoja cha gombo, basi.
Walioandika kamusi hawakuliuliza una faida gani.
Walilitengea mstari wake,
kama mtoto wa kumi anavyotengewa bakuli."

Gundi ikanikaukia kwenye brashi.

Bibi yangu wa Uru alikuwa na neno
la sauti ya maji yanapofunguliwa mfongoni alfajiri,
yanapogusa kwa mara ya kwanza majani makavu ya migomba.
Si maji, si mchirizi. Ile sauti.
Nilikuwa nalo nikiwa na miaka saba.
Nimelitafuta kwa shangazi, kwa mama mkwe,
kwa wauza ndizi wa Kiboriloni;
wananipa majirani zake, wanene,
lile jembamba hakuna aliye nalo.
Na mfongo wenyewe sasa ni bomba.

Waliosema Kiyunani kile wamekufa wote.
Bibi naye amekufa.
Tofauti yao ni kilo nne na ushee.

Nilishona siku tisa:
uzi wa kitani, gundi ya unga wa ngano,
ngozi ya mbuzi kutoka kwa mtu wa Himo.
Mwishoni nikaongeza karatasi nane tupu.
"Za nini?" akauliza, akihesabu noti,
pungufu ya elfu tano kama kawaida yake.
"Za mgongo," nikamdanganya. "Ushike vizuri."

Ya nane si tupu.
Nimeandika kwa penseli, kwa herufi ninazozijua:
sauti ya maji, mfongoni, alfajiri,
yanapogusa majani makavu ya mgomba.
Na kushoto kwake nimeacha nafasi,
upana wa neno moja.