Mkojo wa Saa Nne

Si wa alfajiri, nawaambia walimu,
si ule wa kuamkia.
Nautaka wa saa nne hadi saa nane,
jua likiwa utosini,
maana mayai nayo yana saa zake za kutoka
kama watu wa ofisini.

Watoto wanacheka. Kila skuli wanacheka.
Nawagaia vikopo vya namba,
wanapotelea nyuma ya choo wawili wawili,
wanarudi wamevishika kwa mikono miwili kama uji wa moto,
na mmoja, hakosekani mmoja,
amekijaza hadi ukingoni, anajisifu.

Mia nne kumi na saba katia kidogo tu,
rangi ya chai ya mkandaa.
Hakucheka.

Maabara, Chake Chake. Umeme umekwenda, umerudi.
Navuta mililita kumi kwa bomba la sindano,
naipitisha kwenye kichujio chembamba kuliko ganda la kitunguu,
tone la iodini, kisha jicho kwenye hadubini.
Yapo.
Yametapakaa kama chuya kwenye ungo,
kila moja na mwiba wake mkiani,
mwiba uliochana kibofu kutafuta mlango.
Dole gumba kwenye kihesabio: ta, ta, ta.
Hamsini ni mzigo mzito, inasema fomu.
Mia mbili na kumi na mbili, nasema mimi,
kisha naanza upya, sijiamini.

Sisi tulishindana.
Bonde la Kwa Binti Ngwali, juu ya tuta la mpunga,
tulijipanga safu kama askari,
na asiyekojoa damu alikuwa bado mtoto.
Kaka yangu Asaa alikuwa wa mwanzo.
Wangu ulipogeuka mwekundu nilikimbia kumwambia mama.
Alikuwa anafua, maji magotini.
Alinitazama sana, akasema,
"Hebu nenda kaoge."
Na pa kuogea palikuwa pale pale.

Asaa kibofu kilimuua ana miaka arobaini na moja.
Hakuna aliyewahi kumpa kikopo.

Jumatano huwa siku ya konokono.
Dokta Mwanakhamis huchomeka suruali ndani ya buti za mpira,
huchota magugu kwa chekecheke la jikoni
alilolifunga kwenye mpini wa fagio,
hutuonesha: gamba likifungukia kushoto, huyo ndiye.
Tunawaweka mmoja mmoja kwenye gilasi, dirishani,
mwangaza uwatoe walichoficha.
Mia tatu na sita. Siku mbili tukisubiri.
Mmoja tu ndiye aliyetoa,
vumbi lenye uhai, mikia ya panda,
likipanda, likishuka.
"Mmoja," nikasema, nimefurahi.
"Mmoja," akasema yeye, hakufurahi.

Kwenye ripoti, ugonjwa umeshuka.
Ni kweli umeshuka. Nilihesabu mwenyewe.
Lakini Bi Time Kombo, ndoo kichwani,
alituuliza njiani:
"Mto mnatukataza, na mfereji wenu huo
unakohoa upepo tangu mfungo mosi?"
Fomu haina safu ya swali hilo.
Nililiandika pembeni, kwa penseli.

Leo nimefungua daftari la majina.
Mia nne kumi na saba:
Riziki Shaame Faki, darasa la tatu.
Nikamsimamisha kwenye fimbo ya kimo: vidonge viwili na nusu.
Andazi kwanza, kisha dawa, uso wote ukakunjika.
Nilimweleza habari ya mto, taratibu, kama nilivyofunzwa.
Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu.

Skuli iko upande huu. Kwao ng'ambo.
Nilimtazama akishuka bondeni na mkoba wake.
Kwenye ukingo alisimama,
akavua viatu, visije vikarowa.