Asilimia Thelathini na Moja

Saa kumi alfajiri, Toppila, kaskazini mwa Finlandi.
Ngazi za jengo la tatu zinanuka sabuni na viatu vilivyolowa.
Irmeli amevua glavu moja kwa meno,
mkono wa pili umekumbatia magazeti arobaini na mawili,
na kidole gumba kilichopauka
kinasukuma juu vidirisha vya simu, kimoja kimoja,
kama mtu aswagaye kuku watoke jikoni.

Toka, ratiba ya basi. La kwanza ni saa kumi na moja na nusu,
huna jipya.
Toka, hali ya hewa. Digrii ishirini na mbili chini ya sifuri:
pua yangu ilikwisha kunijulisha.
Toka, kikokotoo, uliyebaki na deni la kuni,
mia na themanini na sita, wala halipungui kwa kutazamwa.
Toka, tochi.
Wewe ndiwe mlafi.

Simu yenyewe ina miaka minane.
Kioo kina ufa, umekatiza pembeni
kama nyayo za sungura kwenye theluji.
Baridi ikipenya mfukoni, inazima:
asilimia thelathini na moja, kisha kiza,
bila kuaga, kama wageni wa siku hizi.
Haba na haba hujaza kibaba, naam,
lakini nani aliwahi kutueleza
kibaba huvuja vipi?

Jumapili Eemeli, mjukuu, miaka kumi na minne,
mdomo umejaa mkate wa iliki,
alimcheka.
"Bibi, unajichosha bure. Hizo si programu, ni picha tu.
Pale ulipoziacha ndipo zilipolala. Hazili kitu.
Ukizifunga, kesho simu inaanza kuziwasha upya,
na hapo ndipo betri inapokwisha."
Akapangusa sukari kwenye suruali.
Aliyelala usimwamshe: wahenga walishasema,
mtoto hakujua kuwa anawarudia.

Irmeli hakubisha. Alimwongezea maziwa.

Ila Eemeli hakuiona ile ya mwisho,
iliyo chini ya rundo, nyuma ya zote,
ambayo kila alfajiri kidole huifikia
kikasita.

Ramani.
Nukta ya buluu imeganda kwenye maegesho ya hospitali,
mlango wa B, tarehe tisa Machi.
Taisto yuko kiti cha abiria, kofia magotini,
anauliza kama sarafu za kulipia maegesho zitatosha.
"Umefika," ilisema sauti ya yule mwanamke wa ndani ya simu,
asiyejua wamefika wapi.

Miezi kumi na moja Irmeli aliamini
kwamba hii ndiyo imtafunayo betri.
Alifunga nyingine zote ili hii ishibe.
Alizima mwanga, akakata sauti, akafuta mchezo wa karata,
akapanda ngazi gizani akihesabu vidato kwa mguu,
kumi na sita, kona, kumi na sita,
akajinyima kama mama anayesema hana njaa.
Na sasa anaambiwa haikula chochote.
Hiyo ndiyo iliyomkaa kooni tangu Jumapili,
si kicheko cha mtoto.

Ghorofa ya nne. Mbwa wa akina Pesonen anakoroma.
Gazeti linapita kwenye tundu la mlango,
linaanguka upande wa pili, pu.
Irmeli anaitazama saa ya simu,
na simu, thelathini na moja, inazima mkononi mwake.

Haitukani. Anafungua zipu ya koti,
anaipachika kwapani, chini ya sweta mbili,
na kuendelea kupanda akiwa amebana mkono
kama mwenye kipimajoto.
Itawaka. Huwa inawaka.
Bado magazeti kumi na tisa,
na ngazi, hizi zenyewe,
hazijawahi kuhitaji kuchajiwa.