Kipoza Maji, Mabela

Qais mwanangu ndiye aliyemwona kwanza
kwenye orodha ya vilivyoungwa na ruta yetu:
runinga, simu ya mama yake, kamera ya getini,
na mgeni mmoja, *Simu ya Kadzo*.
Saa saba usiku huingia. Saa nane kasoro hutoka.

"Mwizi huyu," akasema.
Anasoma sheria, mwaka wa pili;
akanitajia kifungu, faini, na neno idhini
akilitamka kwa Kiarabu
kana kwamba kwa Kiswahili si lile lile.

Nikamuuliza: taa yangu ya nje ikimwagika barabarani,
mpita njia akachomolea mwiba mguuni,
mimi amenichomoa nini?
"Taa haiandikwi jina, Baba.
Mtandao umeandikwa Nyumba ya Zahran."
Sikuwa na jibu. Isitoshe, mpira ulikuwa ukikwamakwama.
Tukatia nywila: herufi kumi na mbili, na alama ya reli.

Ukutani kwetu, upande wa barabara, kipo kipoza maji,
sadaka ya marehemu mama;
kikombe cha bati, mnyororo mfupi.
Hunywa wabeba matofali, hunywa dobi na baiskeli yake.
Hakuna aliyebisha hodi kuniomba.
Sijawahi kuhesabu vikombe.

Usiku ule, saa saba, nikasimama dirishani.
Mtumishi wa nyumba ya pili
alikuwa ameegemea kipoza,
simu juu, simu kushoto, simu kulia,
kama fundi anayepima ukuta.
Joto la Julai lilikuwa bado ndani ya saruji.
Akaiambia simu iliyonyamaza,
kwa lugha ya huyo huyo aliyewekewa kipoza:
"Mwanangu, usikate. Ngoja. Usikate."
Kisha akakaa chini.

Ningeweza kushuka. Ngazi ni kumi na tano.
Nilitafuta kandambili, nikaipata moja.

Siku ya tatu nikamwamuru Qais aiondoe nywila.
Akaiondoa, na kifungu chake mdomoni.
Tangu hapo kila usiku naitazama orodha:
runinga, simu, kamera.

Na adhuhuri, akirudi na mfuko wa mikate,
Kadzo huvuka barabara kabla hajaufikia ukuta wetu,
akapita upande usio na kivuli.
Kipoza kinanguruma.
Kikombe kimekauka kwenye mnyororo.