Mshono

Daktari wa Rufaa kule Mbeya hajui kushona.
Nasema kwa heshima, ndiye aliyenirudisha duniani,
lakini mimi ni fundi, mwaka wa ishirini na mbili kwenye cherehani,
na mtu akinipiga mstari toka kinenani hadi juu ya kitovu,
halafu auache umepinda katikati
kama barabara ya kushuka Kyela,
nitasema.

Uvimbe ulikuwa kama parachichi, aliniambia.
Nikamuuliza: la kienyeji au la kuuza nje?
Akacheka peke yake.

Gwamaka alinirudisha na Noah ya shemeji yake,
polepole, mpaka kuku wakatupita.
Kila shimo, "Pole, mama."
Toka Uyole nilihesabu pole arobaini na moja,
kisha nikasinzia.

Tukuyu mvua. Nini kingine?
Lakini jikoni kwangu moshi ulikuwa unatoka,
na chini ya upenu kuni zimepangwa mpaka dirishani.
Kuni kavu! Mwezi wa nne! Tukuyu!
Asiyezaliwa huku hajui hiyo ni mali gani,
na mpaka leo hakuna aliyekiri ni zake.

Asubuhi Sekela alikuja kunisimamisha.
"Shika shingo. Usione haya,
nimebeba mikungu mizito kuliko wewe."
Nikaona haya hivyo hivyo.
Mtu mzima, kuoshwa mgongo na binti
niliyemshonea sare ya darasa la kwanza.

Na Mama Ikupa,
ambaye hatukusalimiana tangu ile zipu ya gauni la kipaimara,
alileta uji wa ulezi siku tatu,
akauweka kizingitini, akagonga kifuniko kwa kijiko,
akaondoka.
Siku ya nne aliingia. Akakaa.
"Ile zipu," akasema.
"Zipu ilikuwa nzima," nikasema, "ni mtoto aliyenenepa."
"Alinenepa kati ya kupimwa na Jumapili?"
Nikakumbatia mto tumboni kwa mikono miwili:
Usinichekeshe, mwanamke, nitafumuka!
Naye machozi yanamtoka, sijui ya nini.

Usiku mmoja nikasikia cherehani yangu sebuleni.
Naijua kama mtu ajuavyo kikohozi cha mama yake.
Aliyekuwa anaikanyaga hakuijua.
Ilikimbia, ikakwama, uzi ukakatika,
mtu akasonya, mwingine akamwambia shii, amelala.
Nikakumbuka kapu:
sare thelathini za kwaya, za Pentekoste,
nilizozikata kabla ya kulazwa
na kuziacha bila mkono, bila kola, kama wagonjwa.

Nilitaka kupaza sauti: legezeni uzi wa chini!
Sauti haikuwepo.
Kwenye ufa wa mlango niliona mwanga wa simu
na mkono ulioishika,
mkono wa Mwakasitu, mpiga besi,
kucha zake bado na makaa ya Kiwira,
umetulia tuli kama wa nesi.

Jumapili walikuja kuimba chini ya dirisha langu.
Ee Mungu wangu.
Mikono ya kushoto mirefu kuliko ya kulia,
pindo zimepanda na kushuka kama vilima vya chai,
kola nyingine zimegeuka kutazama Malawi.
Mimi niliyeapa kwamba nguo mbovu
haitatoka nyumba hii!
"Ukipona utazifumua, mama," Sekela akasema.

Nikapitisha kidole juu ya bandeji,
palepale mstari unapopinda.
Ndaga fijo, nikasema.
Atakayefumua hata nyuzi moja tutakosana.

Majibu ya kile kipande walichopeleka maabara
bado hayajarudi. Kila Gwamaka akipita na pikipiki
moyo unaruka mshono mmoja.
Kesho nitajaribu pedali, mguu mmoja tu,
nusu saa, Sekela amesimama nyuma yangu.

Nianze na zipu ya Mama Ikupa.
Bure. Lakini nitampima upya.