Upande wa Nyuma wa Mkate

Picha iko Manchester, chumba cha tatu, ukuta wa kushoto.
Nilikwenda Jumapili, na kofia ya kuazima.
Bibi mmoja mbele yangu aliinamisha shingo, akasema,
"Hebu waone maskini hawa, walivyoshiba upendo,"
nami nikawaona, kwa kuwa mmoja wao ni mimi.

Yule wa aproni nyeupe, anayemwogesha mdogo wake.
Aproni si yangu. Ilitoka kwenye sanduku la Bwana Thirkettle,
pamoja na beseni la shaba, paka aliyejazwa pamba,
na shali nyekundu aliyowavisha wanawake wa kijijini,
kila mwaka na mama yake.
Peni sita kwa siku. Siku ya mvua peni nne,
maana mwanga ni haba, alisema, kana kwamba
sisi ndio tuliolifunika jua. Mwenye nguvu mpishe.

Baba yetu hakufaa kuwa baba.
Alikuwa akikohoa, na picha haitaki kifua kinachotikisika.
Akaletwa Reuben mhunzi, mabega kama mlango,
asimame kizingitini na tabasamu na kikapu,
na Jabez amkimbilie, mikono wazi.
Wiki tatu Jabez alikimbia bila kusogea,
mguu mmoja juu ya tofali.
Baba mwenyewe alikaa kwenye ngazi, nje ya fremu,
akimtazama mtu mwingine akirudi nyumbani kwake.
Alikuwa akichonga kijiti. Hakikuwa kitu, kijiti tu.

Mezani palikuwa na mkate.
Nitaueleza mkate kuliko nilivyomweleza mama, mnisamehe.
Mviringo, mgongo wa hudhurungi, unga juu yake kama sakitu,
umenunuliwa Tenterden, kwa mwokaji wa wenye magari ya farasi.
Usiguswe. Ulikuwa kazini, kama sisi.
Siku ya kwanza harufu yake ilitukaa kooni.
Siku ya nne ukawa jiwe. Siku ya tisa Bwana Thirkettle
aliugonga kwa ukucha, ko, ko, akafurahi:
sasa hautabadilika tena.
Sisi tulikula viazi uani, tumesimama, tusichafue aproni.

Jabez alikuwa na miaka mitano na akili ya panya.
Kila bwana alipogeuka kuosha brashi kwa tapentaini
alipenyeza mkono nyuma ya mkate,
upande uliotazama ukuta, akanyofoa,
akaweka chini ya ulimi, hakutafuna, akaacha ulowe,
na mguu umekwisharudi juu ya tofali, mikono wazi,
uso umejaa furaha ya kumwona babaye.
Niliona. Mama aliona.
Nadhani hata kule kwenye ngazi kulionekana,
maana kisu kilisimama.
Hakuna aliyemkanya.
Jioni alinipa kipande, kigumu, chenye ladha ya rangi.

Picha ilipokwisha mkate ulikuwa uso mbele, pango nyuma.
Bwana aliuinua, ukawa mwepesi mkononi mwake kuliko alivyotarajia.
Akaugeuza. Akatutazama mmoja mmoja.
Nikangoja kofi. Hakupiga.
Alikata peni tatu katika ujira wa mwisho,
na daftarini akaandika: mkate.

Baba alizikwa Februari, picha haijauzwa.
Jabez alifuata reli, na reli ni ndefu.

"Huu mkate," bibi yule akaniambia, "mtu anaweza kuunusa."
Nikamwitikia, ndiyo, mama, umechorwa vizuri.
Alipokwenda zake nilisogea hadi ukingo wa fremu,
nikaegemeza shavu ukutani, kofia ya watu ikapinda,
nikachungulia, mtu mzima mimi, nyuma ya mkate.

Mlinzi akakohoa.
Nikageuka upesi kuitazama ngazi.